Mtoto akikabwa na chakula unafanya nini hasa? Kila mtu ananiambia lake

mama_usingizi

Habari zenu wazazi wenzangu. Naandika hapa siku ya tatu sasa na bado nikikumbuka mikono inatetemeka. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi miwili, ndo kaanza kutembea ile ya kuyumbayumba. Jumamosi jioni dada yake wa miaka sita alikaa chini anakula karanga, mdogo mtu kamganda, mimi niko nje naanua nguo, nawasikia wanacheka, wanacheka, alafu kimya. Ule ukimya ndo ulinishtua. Naingia nakuta mtoto macho yamemtoka, mdomo wazi, anajaribu kukohoa sauti haitoki, midomo inaanza kugeuka rangi. Nikachanganyikiwa kabisa, nikaingiza kidole mdomoni nikachokoa, sikupata kitu. Bibi yake akaninyang'anya, akamning'iniza miguu juu akampiga mgongoni sijui mara ngapi, ikatoka karanga imelowa mate na akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama siku ile jamani.

Sasa tangu hapo kila mtu ana lake, mmoja ananiambia kidole ndo sahihi ila sikufika ndani vya kutosha, mwingine anasema ningempa maji, mwingine eti anameza tonge la kitu laini lisukume. Naomba mwenye kujua kweli anieleze ikitokea tena nafanyaje, maana siku ile ni bahati tu. Na karanga anaruhusiwa kuanzia umri gani?

Mengine yuko sawa, anacheza, anakula, ila kikohozi tu kikavu tangu jumapili na usiku kifua kinapiga kama filimbi. Homa hana, mafua hana. Nilipita duka la dawa wakanipa dawa ya kikohozi ya maji nikadhani ni baridi.

baba_kesha

Pole sana mama, hiyo hali naijua, miguu inakuwa ya pamba. Mimi wa kwangu alimeza kifuniko cha kalamu akiwa na mwaka na nusu, niliingiza kidole nikakivuta kikatoka, kwahiyo msikidharau kidole wakuu.

nesi_wodi_ya_watoto

mama_usingizi, swali lako nitalijibu ila kwanza rudi kwenye aya yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama nyongeza. Mtoto aliyekabwa na karanga jumamosi, jumapili anaanza kikohozi kikavu bila homa wala mafua, na kifua kinapiga filimbi. Mpeleke hospitali LEO, sio kesho asubuhi, na sio kituo kidogo kama unaweza kufika hospitali kubwa. Karanga inapasuka vipande viwili, kimoja kinatoka kila mtu anashangilia, kingine kinateleza kinashuka kwenye njia ya hewa na kukaa kwenye tawi moja la pafu. Mtoto anacheza vizuri kwasababu pafu la upande wa pili linafanya kazi. Lakini karanga ina mafuta, inachubua ukuta wa ile njia, inavimba kwa unyevu, wiki chache mbele unatibiwa nimonia isiyoisha upande uleule na hakuna anayekumbuka ile jumamosi.

Ukifika, sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe "alikabwa na karanga jumamosi". Usianze na kikohozi. Ukianza na kikohozi utaandikiwa dawa ya kikohozi, ndo maana hata duka la dawa hukupata msaada, hukuwaambia. Na hata wakipiga picha ya eksirei wakasema ni safi, karanga haionekani kwenye eksirei, sio mfupa wala chuma, wanachotafuta pale ni kama pafu moja limejaa hewa kuliko lingine. Hizo dawa za kikohozi za maji nazo ziache, kwa mtoto wa chini ya miaka miwili hazishauriwi.

Nenda, haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Haya. Kiswahili chetu kimetusaidia hapa, kuna kupaliwa na kuna kukabwa. Aliyepaliwa anakohoa, anakuwa mwekundu, anatoa machozi, anapiga kelele. Huyo mwache akohoe, kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako, kaa karibu umwangalie tu na usimpe maji. Aliyekabwa hana sauti, au anatoa kasauti kembamba tu, hawezi kulia, anabadilika rangi. Huyo ndo unamshika.

Chini ya mwaka mmoja: unakaa, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako ukiegemeza kwenye paja, kichwa kiwe chini kuliko kifua, taya lake umelishika usibane koo. Unampiga katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, mara 5, na ziwe za kweli, sio za kumbembeleza acheue. Haijatoka, unamgeuza chali kichwa bado chini, unasukuma katikati ya kifua mara 5. Unarudia hivohivo, 5 na 5, mpaka kitoke au aanze kulia. Tumbo la mtoto wa umri huu HALIBINYWI, ini lake ni kubwa na halijakingwa na mbavu.

Kuanzia mwaka mmoja kama wa kwako: unamwinamisha mbele, mapigo 5 ya mgongo, haijatoka unapiga magoti nyuma yake, ngumi moja juu ya kitovu chini ya mbavu, mkono wa pili juu yake, unavuta ndani na juu kwa mpigo mmoja, mara 5. Ukishafanya hiyo ya tumbo hata kama kitu kimetoka na anacheka, apelekwe akaangaliwe maana unaweza kuwa umeumiza ndani.

Akilegea akapoteza fahamu unamlaza sehemu ngumu, unapaza sauti mtu apige namba ya dharura, unaanza kubana kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2. Kabla ya kupuliza angalia mdomoni, kama kitu UNAKIONA kitoe.

baba_kesha sijakidharau kidole, wewe kifuniko ulikiona ndo ukakivuta. Alichofanya mama ni kuchokoa bila kuona, na kidole cha mtu mzima kwenye koo la mtoto kinakuwa kama mtarimbo, kinashindilia. Na bibi naye nampa heshima yake, mapigo ya mgongo ndo yaliyofanya kazi, ile ya kuning'iniza miguu juu ndo hatuifundishi, mtoto anaponyoka, na shingo yake haina mtu wa kuishika.

mama_wa_watatu

Mama kimbia hospitali, nakuombea.

Nikuongezee kwenye karanga, sisi kliniki walituambia karanga nzima na jamii yake mpaka miaka minne mitano huko. Sio kwamba hataki kutafuna, magego ya kwanza yanatoka mwaka na kitu na yale ya nyuma mpaka miwili mitatu, kwahiyo anakata kwa meno ya mbele alafu hana cha kusagia, anameza mzimamzima. Karanga iliyosagwa ikapakwa nyembamba sawa, ila sio kijiko kizima kinanata.

Hatari ni umbo jamani, sio chakula chenyewe. Kitu cha duara kinachoteleza kinakaa kwenye koo la mtoto kama kizibo cha chupa. Zabibu ndo mbaya kuliko watu wanavyodhani, soseji ukiikata vile vipande vya mviringo ni kizibo hichohicho, vikate kwa urefu mara nne. Pipi ngumu, bisi, karoti mbichi, hivo mimi nilifuta kabisa. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba kama mrija wa kunywea, ndo uanze kupiga hesabu hapo.

Na cha pili akila akae. Wa kwangu wa kati alikabwa anakimbia huku ana tofaa mdomoni, na kwenye gari alishawahi kupaliwa nyuma mimi naendesha naona kwenye kioo, tangu siku ile hakuna kula garini kwangu, walie watakavyo.

mvua_ya_kwanza

Swali kwa nesi, sisi kwenye mafunzo kazini tulifundishwa kifua cha kichanga ni vidole viwili, wewe hujasema kama ni vidole au kiganja?

nesi_wodi_ya_watoto

Umenikamata, niliruka makusudi kwasababu inabadilika. Wengi wetu tulifundishwa vidole viwili na sehemu nyingi bado wanafundisha hivo. Mwongozo wa Marekani wa 2025 umehamia kisigino cha kiganja kimoja kwasababu vidole vinachoka na havisukumi kina cha kutosha. Kama umefundishwa vidole na ndivyo mkono wako unavyokumbuka, tumia vidole, siku hiyo sio ya kuanza kukumbuka mwaka wa mwongozo. Ila ukipata nafasi ya kufanya mazoezi kwa mdoli nenda, kusoma hapa na kufanya ni vitu viwili.

remoti_haina_kifuniko

Jina langu mtalielewa sasa hivi. Naona mnaongea vyakula, mimi niwaongezee betri, zile bapa za duara kama sarafu za kwenye remoti ndogo, mizani ya jikoni, kadi za kuimba na midoli ya taa.

Mtoto wangu wa miaka miwili alimeza moja, hakukabwa, hakukohoa, hakuna aliyeona. Alianza kukataa chakula na kutokwa udenda mwingi, tukasema meno. Mke wangu ndo aliokota remoti haina kifuniko nyuma, akaniuliza betri iko wapi, tukaangaliana. Eksirei ikaionyesha kama sarafu ila yenye mstari wa pili kwa ndani pembeni, daktari alivyoona ule mstari hakumaliza hata sentensi akaanza kupiga simu. Wakaitoa usiku uleule, koo lilishaungua, akalishwa kwa mpira kwa muda mrefu. Sasa hivi yuko vizuri namshukuru Mungu.

Walichotueleza ni kwamba sio kwamba betri inavuja, ila ikigusa nyama yenye unyevu umeme wake unatengeneza kitu kama magadi makali palepale na ndani ya masaa mawili kidonda kimeanza. Na betri iliyoisha, ile remoti imeikataa, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Hizi kubwa za milimita 20 ndo mbaya zaidi kwasababu ndo zinakwama kooni. Hata ukihisi tu kameza usisubiri atoe chooni, usimtapishe, kimbia. Daktari alituambia pia kwamba mtoto aliyeshatimiza mwaka na bado anameza vizuri, kama ni ndani ya masaa 12, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, inapunguza kuungua, ila msichelewe kuondoka eti mnatafuta asali. Chini ya mwaka asali hapana kabisa.

Sumaku ndogo nazo hivohivo, akimeza mbili zinatafutana tumboni na kubana utumbo katikati.

Mimi siku hizi nikiingia nyumba ya mtu nageuza remoti kwanza naangalia kama kifuniko kina skrubu, mke wangu anaona aibu.

baba_kesha

Nimesoma hii nikaamka kwenye kiti. Nimekuta mbili kwenye droo ya mezani na moja kwenye mdoli wa kuku, kifuniko kinafunguka kwa kucha. Nimezizungushia selotepu pande zote nimeweka juu kabisa nitapeleka zinapokusanywa. Na nimejaribu na ile gamba la ndani la karatasi ya chooni, kitu kikipita kwenye ule mduara mtoto wa chini ya miaka mitatu asikishike. Nimejaza ndoo nusu, sijui tulikuwa tunaishi vipi humu.

mama_usingizi

Nimerudi wapendwa, samahani kwa kuchelewa, ni siku mbili hizi sijashika simu.

Tulienda usiku uleule. Nilitamka sentensi kama nesi alivyosema, "alikabwa na karanga jumamosi", na yule daktari kijana aliyekuwa anaandika bila kuniangalia akainua kichwa. Akaweka kipimo chake kifuani upande wa kushoto, akaweka kulia, akarudi kushoto, akarudi kulia akakaa hapo muda. Eksirei ikaja wakasema karanga haionekani ila pafu la kulia limejaa hewa haitoki vizuri. Asubuhi wakamlaza usingizi wakaingiza kamera kwenye njia ya hewa. Kilikuwepo. Nusu karanga, upande wa kulia, walisema huko njia imenyooka na ni pana kidogo kwahiyo vitu vinapenda kuelekea huko.

Wamenionyesha kwenye kichupa. Kadogo jamani, kamevimba, ngozi yake ile nyekundu bado imeshika. Kifua kimeacha filimbi, wanamwangalia mpaka kesho.

Dada mtu kalia sana anadhani ni kosa lake, nimemwambia karanga niliziweka mimi pale chini. Bibi mtu nimemfundisha ile ya pajani kwa kutumia mto, kakubali, ila kasema miguu juu naye haachi, mjadala huo nimeuacha kwa leo.

nesi_wodi_ya_watoto

Afadhali. Kabla hamjaruhusiwa uliza tarehe ya kurudi kusikilizwa kifua, na akipata homa au kikohozi kikirudi kabla ya hapo usisubiri hiyo tarehe. Bibi nipe namba yake.