Kovu kwenye ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo kunenepa: EF nzuri, mbona anazimia?

Tabibu_Uvinza
Wakuu, salaam. Kijana wa miaka 26, mkwea michikichi huku Kigoma, kazimia mara mbili mwezi huu, zote akiwa kazini. Presha 118/74. ECG (kipimo cha umeme wa moyo): mawimbi ya T yamepinduka kwenye nyaya za kifuani V3 hadi V6. Eko (ultrasound ya moyo): ukuta wa kati milimita 22, wa nyuma 11, EF (sehemu ya damu inayosukumwa nje kila pigo) asilimia 70. Kaka yake alianguka uwanjani akafa akiwa na miaka 19. Ripoti imemalizia "moyo unasukuma vizuri, arudi baada ya mwaka". Kama unasukuma vizuri, kovu ninaloambiwa nilitafute linatoka wapi, na linavurugaje mapigo? Nimpe nini wakati wa kusubiri rufaa?

Mapigo72
Mkuu, hiyo EF isikupumbaze. Katika ugonjwa huu wa msuli wa moyo kunenepa (hypertrophic cardiomyopathy, HCM) msuli hubana kwa nguvu kupita kiasi. Kinachoushinda ni kulegea. Chanzo mara nyingi ni kasoro kwenye jeni za protini za kubana msuli, MYBPC3 na MYH7 zikiongoza. Seli zinanenepa na kupangika shaghalabaghala. Mishipa midogo inayolisha ukuta nayo ina kuta nene na tundu jembamba, kwa hiyo msuli mnene unadai damu nyingi na inayofika ni haba. Seli zinakufa kwa mafungu, nafasi inajazwa kolajeni. Kovu ndilo hilo.

Kolajeni haipitishi umeme. Lingekuwa kovu tupu, umeme ungelipita pembeni na mambo yakaisha. Balaa ni vijiuzi vya msuli hai vilivyosalia ndani yake: umeme unapenya humo polepole, unakuta njia moja imeziba, unatokea upande wa pili wakati msuli wa jirani umeshapumzika na uko tayari kusisimka tena. Hapo unaanza kuzunguka. Mapigo yanaruka hadi 180 au 200 kwa dakika, moyo haupati muda wa kujaa, mtu anazimia. Mzunguko ukisambaratika, ventrikali (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu) inatetemeka tu bila kusukuma damu, na asiposhtuliwa kwa umeme ndani ya dakika chache amekwenda.

Fundi_Eko
Eko inapima unene, kovu haioni. Kovu linaonekana kwa MRI ya moyo yenye gadolini (dawa ya kung'arisha picha): picha hupigwa kama dakika 10 hadi 15 baada ya sindano, kwa sababu gadolini huchelewa kutoka penye kolajeni na pale panang'aa. Likifika asilimia 15 ya uzito wa ventrikali ya kushoto au zaidi, hatari imepanda. Vidoa vidogo pale ventrikali ya kulia inaposhikana na ukuta wa kati havina uzito huo, msitishane. Pima kreatinini kwanza. eGFR (kiwango cha figo kuchuja damu) ikiwa chini ya 30, ongea na watu wa radiolojia kabla. Ikiwezekana MRI itangulie ICD (kifaa kinachopandikizwa kifuani cha kushtua moyo mapigo yakivurugika), maana kifaa kikishakaa kifuani huharibu picha, na vingine haviruhusiwi kabisa kuingia kwenye mashine ile.

Lakini huyu asiwekwe kusubiri MRI. Kuzimia kusikoelezeka pamoja na kaka aliyekufa ghafla kijana vinatosha kuanza mazungumzo ya ICD. Apelekwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, si baada ya mwaka. Kwenye rufaa andika kipenyo cha atria (chumba cha juu) ya kushoto na gradienti (tofauti ya presha) ya njia ya kutokea damu, akiwa ametulia na akijikamua (kubana pumzi na kusukuma kama anayejisaidia). Bila kujikamua ni ripoti nusu: mtu anaweza kuwa na 15 mmHg amelala na 70 akijikamua. Holter (ECG ya kuvaa) ya saa 24 hadi 48 ikipatikana, tafuta mapigo matatu au zaidi mfululizo ya ventrikali, kuanzia 120 kwa dakika.

Dawa_na_Dozi
Cha kusubiria: atenolol 25 mg kwa siku, ukishahakikisha hana pumu wala kizuizi cha umeme kwenye ECG. Pandisha taratibu hadi mapigo ya mapumziko yawe karibu 60. Inatuliza dalili, mbadala wa ICD siyo. Amiodaroni (dawa ya kutuliza mapigo) nayo vilevile.

Kama njia ya kutokea damu imebanwa, nifedipini, naitreti na Lasix (dawa ya kutoa maji) ya kubahatisha zinaweza kumwangusha. Akiharisha au kutapika, maji na ORS mapema.

Atria ikianza kupapatika, dawa ya kuzuia damu kuganda ni lazima hata kama alama za hatari ya kiharusi ni sifuri. Aspirini haitoshi. Akiwa kwenye warfarini, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ikae 2 hadi 3, na Flagyl au Septrin zinaipandisha, kwa hiyo ipimwe upya ndani ya siku chache.

Tabibu_Uvinza
Shukrani, wakuu. Malaria je? Huku haikwepeki.

Dawa_na_Dozi
Malaria kali, artesunati ya sindano. Kwinini juu ya amiodaroni usithubutu, zote zinarefusha QT (kwenye ECG, muda wa ventrikali kubana na kujiandaa upya), na hilo linaweza kuvuruga mapigo. ALu kwa aliye kwenye amiodaroni nayo inataka ECG.

Mapigo72
Kukwea aache leo, na mtumbwi wa dagaa pia. Kuzimia sekunde kumi ukiwa juu ya mchikichi au ziwani kunaua hata kama mapigo yangerudi yenyewe. Wazazi, ndugu na watoto wake wote ECG na eko, maana kila ndugu au mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kurithi. Kwao ukuta wa milimita 13 tayari ni ya kutilia shaka. Wakiwa salama, wadogo warudiwe kila mwaka 1 hadi 2, watu wazima kila 3 hadi 5.