DAMPE au CALET: nitumie data ipi ya elektroni?

Uyole_Fizikia: Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa nakabidhi mradi hapa Mbeya, elektroni za miale ya anga (chembe zenye nishati kubwa kutoka angani). DAMPE (setilaiti ya China) na CALET (kifaa cha Japani kwenye kituo cha anga za juu cha ISS) zote zimerushwa 2015 ila namba zao zinapishana. Nichukue ipi?

Kitonga: Hujasema nishati kuanzia wapi hadi wapi. Elektroni peke yake au pamoja na positroni (pacha wake wenye chaji chanya)? DAMPE na CALET hazina sumaku, zinajumlisha tu. Kutenganisha ni AMS-02, kifaa chenye sumaku hukohuko ISS.

Uyole_Fizikia: Jumla mkuu. GeV 50 hadi TeV 3 (TeV 1 ni GeV 1,000).

Matamba: DAMPE, usiumize kichwa. Mstari wa grafu unavunjika, unashuka kwa kasi zaidi, karibu na TeV 0.9, unaona kwa macho. Na ile ncha ya TeV 1.4 ni maada giza (ile isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu) kabisa.

Ihemi: Ncha ya pointi moja? CALET walipanga data kwa mafungu ya nishati yaleyale ya DAMPE, haikuonekana. Mmesahau ya ATIC: puto lenye kifaa lilirushwa Antaktika, 2008 wakatangaza kichuguu kati ya GeV 300 na 800, nadharia za maada giza zikamiminika. Mwaka uliofuata Fermi-LAT, darubini ya setilaiti, wakaja na data ya elektroni nyingi zaidi, kichuguu hakipo. H.E.S.S., darubini za ardhini, nao hawakukiona.

Kitonga: Mleta mada, kagua mhimili kwanza. Grafu hizi huzidishwa kwa nishati kipeo cha tatu ili mstari ulale. Mteremko (kipeo ambacho idadi ya elektroni hushuka nacho nishati ikipanda) ni kama 3.1, kwa hiyo kifaa kikisoma nishati juu kwa 5% tu, mstari unapanda karibu 11%. DAMPE huelekea juu pamoja na Fermi, CALET chini pamoja na AMS-02. Chora zote nne na mistari ya makosa (error bars). Usichanganye pointi za vifaa viwili ukapitisha mstari mmoja, utapata mkunjo wa uongo.

Matamba: Chanzo je?

Ihemi: Elektroni za TeV huchoka upesi kwenye uga wa sumaku na mwanga, hivyo chanzo kiko ndani ya miaka-nuru elfu chache. Mimi naona pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi), Geminga au Monogem. Masalia ya mlipuko wa nyota ya Vela nayo yamo.

Loleza_Juu: Tukipanda mlima Loleza na kipimio chetu?

Kitonga: Utahesabu myuoni tu, chembe zinazozaliwa protoni zikigonga hewa. H.E.S.S. wako ardhini Namibia, lakini wanapiga picha mwanga wa manyunyu ya chembe hewani, hasa usiku bila mwezi.

Loleza_Juu: Na ukungu wa huku?

Matamba: Subiri Julai. Ila bado nasema DAMPE.