Kuukamata mzinga wa adui: rada, maikrofoni za ardhini au droni?

Kipima Upepo: Wakuu, nalinganisha njia tatu za kujua mzinga wa adui umepiga kutoka wapi. Rada huliona kombora likiwa angani, kisha hesabu huufuata mkondo wake kinyumenyume hadi lilikotoka. Maikrofoni za ardhini husikiliza mlio. Sasa kuna droni zenye sensa za joto na sauti. Mngechagua ipi?

Bi Hesabu: Maikrofoni usizidharau kwa uzee wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, William Lawrence Bragg, mshindi wa Nobeli ya 1915 akiwa na miaka 25 tu, aliiendeleza mbinu hiyo kwa jeshi la Uingereza. Mlio hufika kila maikrofoni kwa wakati wake, na tofauti hizo ndizo zinazoonyesha ulikotoka. Adui hajui kama anasikilizwa. Rada ikiwashwa, imeshajitangaza kwa mawimbi yake.

Mwewe wa Juu: Mimi droni. Ukiwa mita 100 juu, upeo wa macho uko kilomita 36 hivi, vilima visipokuziba. Kamera inaona mwako papo hapo. Mlio wa kilomita 10 unachukua sekunde kama 29. Zidisha sekunde kwa mita 340, umbali huo hapo. Ni ile hesabu ya radi na ngurumo.

Fundi Chuma: Radi moja sawa, mkuu. Mizinga kumi ikipiga kwa pamoja, utajuaje mlio upi ni wa mwako upi? Na mapanga ya droni yenyewe yanavuma kando ya maikrofoni. Ni sawa na kutegea mnong'ono huku umekumbatia feni.

Mwewe wa Juu: Kelele ya mapanga ina mpangilio, programu huichuja.

Bi Hesabu: Huichuja, lakini upepo na mtikisiko vinabaki. Halafu droni haitulii mahali pamoja. Maikrofoni zikiachana mita 100, kosa la milisekunde moja ni sentimita 34 za safari ya sauti. Kwa mzinga ulio kilomita 10, umeteleza pembeni mita 34. Hapo joto la hewa, linalobadili kasi ya sauti, sijaligusa. GPS ikivurugwa, droni haijui hata yenyewe iko wapi.

Kipima Upepo: Basi rada ilale, maikrofoni ziiamshe, droni iende kuhakikisha?

Fundi Chuma: Ndivyo ningefanya. Ila kombora la kwanza litakuwa limeshapita, rada itadaka yanayofuata. Na mzinga wa kujiendesha ukipiga mawili matatu ukahama, droni itapiga picha alama za matairi.