Mjadala: Je, runinga za antena zihamie kiwango kipya cha kubana picha?

Nakuru: Ndugu zangu, tangu mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka wa 2015, matangazo yetu ya angani hurushwa kwa DVB-T2, mfumo wa kidijitali wa runinga za antena, na picha hubanwa, yaani hupunguzwa data ili zichukue nafasi ndogo, kwa H.264, kiwango kilichokamilika mwaka wa 2003. Tangu 2013 kuna H.265, chenye uwezo wa kutoa picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya data. Kwa nini kituo kidogo kiendelee kumlipa msambazaji wa mawimbi kwa nafasi ambayo nusu yake ingetosha?

Kisumu: Mwenzangu, hesabu yako siipingi. Ninachouliza ni nani atakayelipa. Kazi ya kufungua picha iliyobanwa hufanywa na chipu iliyomo ndani ya king'amuzi, na chipu iliyoundwa kwa H.264 pekee haigeuki kuwa ya H.265 kwa kupakiwa programu mpya. Siku kituo kitakapohama, mwenye king'amuzi hicho ataliona jina la kituo kwenye orodha, pengine hata sauti aisikie, lakini kioo kitabaki cheusi. Anayetazama kwa simu hana shida hiyo, kwa kuwa mtandaoni huwekwa nakala kadhaa za video ileile na kila kifaa kikapewa inayokifaa. Wimbi la angani ni moja kwa wote.

Mama yangu anaishi Ahero. King'amuzi chake alikinunua baada ya runinga kuonyesha chenga wiki nzima mwaka huo wa 2015. Rimoti bado ameifunga kwa nailoni vumbi lisiingie, na waya wa antena unapita dirishani hadi kwenye mlingoti wa mwanzi ambao jirani huunyoosha kila upepo unapoupinda. Habari za mafuriko ya mto Nyando anazipata hapo, hana pengine.

Ujerumani ilipohamia DVB-T2 na H.265 mwezi Machi 2017, watazamaji wa antena walilazimika kununua vifaa vipya, ingawa kule wengi hutazama kwa kebo au setilaiti. Huku kwetu, kwa wengi vijijini, antena ndiyo runinga yenyewe. Kwa hivyo tuanzie bandarini: Mamlaka ya Mawasiliano isiidhinishe king'amuzi wala runinga mpya isiyosoma H.265, vya zamani viachwe vichakae, na kuhama kuje baadaye.

Nakuru: La bandari nakubali. Lakini pasipo tarehe ya kuhama iliyotangazwa, waagizaji wataendelea kupigania kuleta shehena za bei rahisi, na miaka kumi ijayo tutakuwa papa hapa.

Kisumu: Itangazwe, ila ianze kuhesabiwa siku ving'amuzi hivyo vitakapofika kwenye vibanda vya soko la Kibuye kwa bei ambayo mkulima wa mpunga wa Ahero ataimudu baada ya mavuno ya msimu mmoja, bila kukopa.