DNA ya ndugu wa baba mmoja: Mkemia Mkuu au boksi la kuagiza nje?

Mjukuu_wa_Kariakoo
Wakuu salaam. Mzee wetu amefariki. Siku ya arobaini kaja kijana na picha: mzee yupo na mama wa kijana huyo Kigamboni, kavaa lile shati la kitenge ambalo nyumba nzima tunalijua. Anasema ni mdogo wetu. Haombi kitu, ila msimamizi wa mirathi ni mimi na nyumba ipo. Dada yuko London, anataka atununulie boksi za AncestryDNA, zile za kujipima DNA nyumbani, tuteme mate, yaishe. Shemeji anasema twende kwa Mkemia Mkuu, maabara ya serikali. Mzee keshazikwa. Lipi linafaa?

Fundi_Darubini
Pole na msiba. Mzee angekuwa hai ingekuwa kazi nyepesi: nusu ya vinasaba vya mtoto hutoka kwa baba, visipolingana sehemu kadhaa, si wake. Sasa itabidi mpimane wenyewe kwa wenyewe. Kwa kuwa wote ni wanaume, kuna kromosomu Y, kifurushi cha vinasaba ambacho baba humrithisha mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika. Ikipishana sehemu kadhaa, baba zenu ni tofauti. Ikifanana, tulia kwanza, maana baba zako wadogo wanayo hiyohiyo. Yupo aliyekuwa anaishi na mzee enzi hizo? Ndiyo maana mnahitaji pia kipimo cha kromosomu nyingine. Ndugu wa baba mmoja hushirikiana kama asilimia 25 ya vinasaba, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo kama 12.5. Mama zenu wote wawili wakikubali kutoa sampuli, majibu yanakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu vinasaba vya upande wa mama vinajulikana na kuwekwa kando.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Jamani, hicho kipimo kinachukulia kwamba wewe ndiye mtoto wa mzee. Mmeliwaza hilo?

Mjukuu_wa_Kariakoo
😅 Bi mkubwa umeanza.

Wakili_Msomi
Kaongea la maana, msicheke. Tukirudi kwenye mada: boksi litakupa jibu la sebuleni tu. Mahakama itauliza nani alimwona aliyetema hayo mate. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kwa Mkemia Mkuu huingii kama unakwenda kupima malaria. Unapeleka maombi kupitia mahakama, ustawi wa jamii au wakili, mnafika na vitambulisho, na kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu mbele ya ofisa. Kama shauri lenu liko Kituo Jumuishi cha Temeke, mahakama ya mirathi na familia, anzia hapo hapo. Lingine: mkigawa kwa dini ya Kiislamu, muulizeni sheikh kabla hamjatoa hela. Mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba hata damu ilingane. Mnaweza kumpa kwa hiari yenu, lakini hiyo ni hiba, si fungu la mirathi.

Mshirazi_Original
Boksi nililitumia nikisoma nje. Kutafuta binamu waliopotea linafaa, mradi nao wawe wamepima kampuni hiyohiyo, na Wabongo humo ni wachache. Zile asilimia za asili ndiyo vichekesho: kila wakiongeza watu wa kulinganisha nao, nabadilika kabila. Ila bibi yangu wa Kilwa tulikuwa tunamcheka akisema sisi Washirazi, watu wa asili ya Uajemi. Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao pwani yetu, Kilwa na Songo Mnara wakiwemo: upande wa kiume damu nyingi ya Uajemi, upande wa kike karibu yote ya Kiafrika. Bibi hakuishi kuliona. Halafu kumbuka usiri: 23andMe, kampuni nyingine ya boksi hizi, waliibiwa taarifa za watu kama milioni 6.9 mwaka huohuo, na 2025 wakaomba kufilisika. Mate yako yakishakwenda huko, yamekwenda.

Mjukuu_wa_Kariakoo
Mrejesho. Dada kakubali tuachane na boksi, Jumatatu naenda Temeke. Kijana nimempigia, kasema yuko tayari, tumtumie tu nauli kutoka Mbagala. Kwa mama nikaeleza habari ya sampuli yake. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akaniuliza: "Hapo anapimwa yule kijana, au wewe?"

Bi_Mkubwa_Magomeni
Mwanangu, hiyo Jumatatu isogeze kwanza. Kaa na mama yako.