Wakuu, urithi au kompozisheni? Nimekwama

Tibwili: Za usiku wakuu. Naandika programu ya kikoba kwa lugha ya Java. Nina klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) Mtu, inarithiwa na Mwanachama, yaani Mwanachama anapata kila kilichomo kwa Mtu, na Mwanachama anarithiwa na Mkopaji na Mdhamini. Jamaa kaniambia nitupe urithi wote nitumie kompozisheni, yaani klasi ibebe nyingine ndani yake badala ya kuirithi. Kipi bora? Nawasilisha.

fundi_saa: Jiulize "ni" au "ana". Mbwa ni mnyama, arithi. Gari lina injini, halirithi injini. Kwisha kazi.

BintiKisiwani: Nimefungua mbio nikijua mirathi. Kwetu kuna shamba la minazi, ndugu tisa hatusalimiani tangu 2016. Urithi wowote ule, kaa nao mbali.

Mzee wa Mabano: Java yenyewe iliteleza hapa, toka toleo la 1996. Stack ni rundo la sahani, unatoa ya juu tu. Lakini waliifanya irithi klasi ya Vector, ambayo ni orodha ya kawaida, ikabeba metodi (amri) zake zote, kwa hiyo mtu anachomeka sahani katikati na hakuna wa kumzuia. Hadi leo ipo, maana wakiitoa watavunja programu za watu. Enzi zetu programu unaichapisha, umeme ukikatika unaisoma kwa kibatari. Nyie watoto hamjui.

kipanya_07: Tibwili, swali la nadharia haliulizwi saa saba usiku. Umeharibu nini?

Tibwili: Haya, niseme. Programu inatumika tayari, wiki ya tatu sasa. Jumamosi mama mmoja mwenye mkopo alikubali kumdhamini mwenzake. Java hairuhusu klasi kurithi klasi mbili, na obijekti (kitu kilichoundwa kutoka klasi) ikishazaliwa Mkopaji haigeuki Mdhamini. Nikamtengenezea mpya, nikanakili jina na simu. Michango nikasahau. Kafungua mbele ya kikao: AKIBA 0. Ila kuvunja siwezi, klasi zimefika 31. Nataka niongeze MkopajiMdhamini tu. Nimeshaanza.

Mzee wa Mabano: Na akichaguliwa mweka hazina? MkopajiMdhaminiMwekaHazina? Majukumu matatu tu, ukiyachanganya kila namna, ni klasi saba. Mwanachama abaki mmoja na akiba yake, ndani yake weka orodha ya majukumu. Leo unachomeka Ukopaji, kesho Udhamini, deni likiisha unachomoa. Akiba haiguswi.

Tibwili: Nimekuelewa mzee, lakini fomu zote zinategemea hizo klasi. MkopajiMdhamini itanivusha mwezi huu.

fundi_saa: Ndivyo wote tunavyosema. Mimi mpango wangu wa "mwezi huu" una miaka minne.

Shungi la Bibi: Chai hii, imekosa chapati tu. Kikoba gani kinakaa bila daftari? Mtu, Mwanachama, Mkopaji… huo ni mfano wa ubaoni. Bwana mdogo ana kazi ya chuo ya kukusanya asubuhi, na nyie mnamfanyia.

kipanya_07: Aisee. Nilikuwa naanza kumuonea huruma.

Tibwili: Sisomi popote, nina watoto wawili! Daftari lipo, ndilo lililoonyesha 412,000 zake. Mnataka yote? Huyo mama ni mama mkwe wangu. Ndiye aliyewaambia wenzake "mkwe wangu fundi wa kompyuta." Toka Jumamosi hapokei simu.

Shungi la Bibi: Mh. Hapo nanyamaza kidogo.

BintiKisiwani: Kumbe uzi ni wangu bwana. Mahari ulimaliza?