Picha ya bibi mlangoni pa jiko: mimi naiona nzuri wenyewe wanasema mbaya, nyie uzuri wa picha mnauangaliaje?

MpigapichaUyole:
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana hii kitu imenikaa moyoni wiki ya pili sasa. Napiga picha hapa Mbeya, sendofu, harusi, komunio, na wikiendi zikiwa kimya napigia mafundi wanaotaka kuposti nguo zao. Mwezi huu wa sita nilipata sendofu huku Uyole, siku yenyewe ukungu ulishuka toka asubuhi, jua hatukuliona mpaka saa kumi. Wenye shughuli walikua wananuna kwamba siku imeharibika, mimi moyoni nafurahi maana mwanga ule ni laini hauna kivuli kikali usoni.

Sasa wakati wanasubiri MC nikapita nyuma ya nyumba nikamkuta bibi wa bibi harusi amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko. Kavaa kitenge cha bluu kina ndege wa njano, juu sweta la kahawia, kilemba amekibana kwa pini moja pembeni ya sikio. Nyuma yake mlango mweusi kwa masizi ya miaka. Nikamsalimia, nikamuomba, akanyamaza kidogo halafu akakusanya mikono yake akaiweka juu ya magoti, vidole bado vina majivu. Hakutabasamu, aliniangalia tu. Nikapiga tatu, ya pili ndo yenyewe. Mwanga unatoka kushoto, unashuka kwenye shavu unaingia kwenye mistari ya pembeni ya jicho, na ile ngozi yake nyeusi ina rangi ndani yake, kuna wekundu kidogo hapa kuna bluu pale. Nikakaa nayo usiku mzima nikaona hii ndo picha bora nimewahi kupiga.

Napeleka kazi, familia wakaikataa isiingie kwenye albamu. Kwamba bibi katoka mweusi sana, amekunjamana, mbona hujamng'arisha, halafu kwanini umempiga jikoni kama hana watoto. Na picha za bibi harusi nazo wakazirudisha niongeze kung'arisha na kulainisha, nikafanya mpaka pua ikaanza kupotea, hapo ndo wakafurahi.

Swali langu sio la hela, hela walimaliza. Nauliza, nyie mkiangalia picha ya mtu au ya mavazi mnajuaje kwamba hii ni nzuri? Mimi ndo sioni vizuri au kuna kitu watu wamezoeshwa vibaya?

MzeeWaGangilonga:
Kamwene mdogo wangu. Nimepiga picha hapa Iringa tangu enzi za filamu, nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe chumba cha giza, za rangi tunatuma Dar mteja anasubiri wiki mbili. Macho yako yako sawa. Ila naomba usiwalaumu haraka hao wenye shughuli, nikueleze ninavyojua.

Kwanza hiyo tabia ya kulainisha sura haikuletwa na simu. Sisi tulikua tunachonga penseli tunachora taratibu juu ya negativu, yaani ile filamu iliyosafishwa ambayo peusi panaonekana peupe, palipo na kunyanzi, ikisafishwa kwenye karatasi pale panatoka peupe zaidi na kunyanzi linapungua. Kazi ya mkono, unaweza kukaa saa nzima na sura moja, ndo maana tulikua hatuzidishi. Sasa hivi ni kidole kimoja, ndo maana mtu hajui pa kuishia.

Pili, mtu mweusi amedhulumiwa na vifaa muda mrefu. Zile filamu za rangi za Kodak maabara walikua wanapimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zenyewe zikaitwa Shirley, yaani rangi ikikaa sawa kwake basi imekaa sawa kwa wote. Walipokuja kuboresha miaka ya 1970 sababu mojawapo kubwa ni malalamiko ya watengeneza samani na chokoleti, kwamba mbao zao na chokoleti zao hazitoki vizuri. Mbao zilisikilizwa kabla yetu. Kwa hiyo mama zetu walijiona kwenye picha wakiwa doa jeusi lenye meno, mwaka hadi mwaka, halafu leo unashangaa wanaogopa neno mweusi kwenye picha? Hawamuogopi bibi, wanaogopa lile doa.

Na kamera ya leo bado ina ujinga wake, kila kitu inataka kiwe cha kijivu cha kati. Ukimpiga bibi harusi gauni jeupe ndani ya tenti nyeupe inapunguza mwanga na sura inazama. Pima mwanga kwenye shavu, achana na gauni. Kwa huyo bibi wa mlango wa masizi ingetaka kufanya kinyume, kumpausha, naamini ulishusha mwanga kwenye kamera ndo maana rangi za ngozi zimebaki.

Sasa hilo la uzuri. Kuna mmarekani anaitwa Irving Penn, huyo alikua mpiga picha wa mavazi wa jarida la Vogue, kazi yake ni magauni ya Paris. Mwezi wa 12 mwaka 1948 alikua Cuzco kule Peru, mji wa milimani kuliko hata huku kwetu, akakodi studio ya mpiga picha wa mtaani yenye mwanga wa dirishani na pazia la kuchorwa. Watu wanashuka toka vijijini kupiga picha za Krismasi wanamkuta yeye, na badala ya kumlipa yeye ndo anawalipa. Ukiziangalia zile picha, mtu kavaa blanketi na kofia ya sufu, miguu peku, na amesimamishwa kwa heshima ileile aliyompa modo wa Paris. Hakubadili macho. Mimi picha naipima hivyo, naangalia kama aliyeshika kamera alimheshimu huyu aliyekaa mbele yake, na hilo huwa linaonekana kwenye shingo na mikono kabla ya sura. Huyo bibi kukusanya mikono yake, alijipanga mwenyewe. Hukumuibia.

Kabwe_Boy:
Kaka mi nakuelewa ila mteja ndo analipa. Akitaka awe mweupe kama maziwa ya Tukuyu mpe, yako utabaki nayo wewe kwenye kompyuta. Nimepoteza wateja wawili kwa kuwafundisha uzuri, kodi ya fremu ya duka haijui kunyanzi wala mwanga wa kushoto.

FundiVitenge_Njombe:
Kabwe_Boy sikubishii kuhusu kodi, na mimi nina fremu. Lakini naongea kama mtu anaeuza nguo kupitia picha. Filta ya kulainisha haijui tofauti ya shavu na kitambaa, inapita kote. Kitenge cha waksi kina ile mipasuko midogomidogo ya rangi, ndo mnunuzi anaijua kwamba hii ni waksi yenyewe, ukilainisha inakua kama karatasi ya kufungia zawadi. Nilishapelekewa picha 30 za nguo zangu nikazirudisha zote, modo kang'aa na gauni limekufa.

Na kingine nakiona sana huku kwetu, baridi. Mwezi wa saba Njombe asubuhi unakuta barafu kwenye majani halafu mpiga picha anamwambia binti vua sweta tuone gauni. Binti anavua. Angalia mabega yake kwenye picha, yamepanda mpaka masikioni, na mikono ina vipele vya baridi, hapo utasema pozi gani? Mwache na sweta! Huyo bibi kwa sweta la kahawia juu ya bluu na ndege wa njano, mimi kama fundi nakwambia hiyo rangi imekaa, kahawia inatuliza ile njano. Mavazi ya nyanda za juu ni kupandanisha, sweta, kitenge, shuka, na uzuri wake uko hapohapo kwenye kupandana.

Halafu mzee hapo juu kataja Penn, mimi nimtaje mpiga picha Seydou Keïta wa Mali, alifungua studio Bamako 1948, mwaka uleule. Pazia lake la kwanza lilikua shuka la kitandani kwake! Akina mama wanakuja na nguo za maua wanakaa mbele ya shuka la maua, ungedhani vitagombana ila vinaimba pamoja. Anapiga uani kwa mwanga wa jua, na kwa sababu vifaa ghali mara nyingi anapiga mara moja tu. Na alikua na saa, kalamu, redio, pikipiki, mteja anachagua atokee nacho. Hapo ndo naomba MpigapichaUyole unielewe, mtu kutaka kupendeza kwenye picha sio kosa. Wale wa Bamako walivaa saa isiyo yao ila sura ilibaki yao. Kwahiyo hiyo familia waliposema "kwanini jikoni" walikua na hoja kidogo. Ulimuuliza bibi anataka akae wapi?

BintiRungwe:
Mimi sipigi picha, napigwa tu, niongee upande huo.

Mwaka 2007 nilikua mdogo nikamuona Flaviana Matata anaenda Miss Universe kule Mexico na kichwa chake kimenyolewa, akaingia kumi bora. Nyumbani watu walibishana wiki nzima, kwamba huyu nae mzuri? Mimi nilikua mweusi na nimenyolewa hivyohivyo kwa ajili ya shule, sikubishana na mtu, nilienda kujiangalia kwenye kioo.

Juzi juzi nikapiga picha studio moja, kijana kanieditia vizuri kwa moyo wote, nikamtumia mama. Mtoto wangu wa miaka minne akashika simu akauliza huyu shangazi nani. Nikacheka kidogo halafu usiku nikashindwa kulala. Alama ya moto niliyoipata jikoni kwa bibi, hapa juu ya nyusi, ilikua imefutwa, na ile alama mwanangu ndo anaigusaga akitaka kusinzia.

Kabwe_Boy naomba kama hutojali, mpe mteja zote mbili, ile uliyofuta na ile hujafuta. Usimfundishe, mpe tu. Mimi ningepewa ningechagua.

Kabwe_Boy:
Dada hapo umenigusa. Ntaanza kutoa mbili.

MpigapichaUyole:
Nawashukuru sana, ndaga fijo BintiRungwe, na mzee shikamoo. Nilishusha mwanga kweli, umejuaje.

FundiVitenge swali lako lilinichoma, sikumuuliza. Basi jana nikasafisha ile picha kubwa, nane kwa kumi na mbili, karatasi isiyong'aa, nikapanda bajaji mpaka kwake peke yangu bila kuwaambia wenye shughuli. Nikamkuta anachambua maharage. Akafuta mikono kwenye khanga akaishika kwa pembeni kabisa ili asiichafue. Aliangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kuhusu weusi hakusema kitu, kunyanzi nazo hakuzigusa. Akaweka kidole kwenye ile pini ya kilemba akasema, "Hii mbona hukuniambia nilifunga upande?" Halafu akaingia ndani, akatoka na saa ya mkono ya kizamani, mkanda wa ngozi umekatika ameushona na uzi mweusi, ya marehemu babu. Akasema siku ile alikua amevaa nguo za kazini, nirudi Jumamosi avae kitenge chake cha mahari na hiyo saa. Nikamuuliza tukae wapi bibi, sebuleni? Akanishangaa, akasema mlango wa jiko ndo una mwanga, sebuleni giza.

Kwahiyo Jumamosi saa tisa narudi, ikishuka ukungu nitashukuru. Mzee naomba unisaidie kimoja, ile saa ina kioo kilichokwaruzika, kinarudisha anga lote jeupe mpaka mishale haionekani, na yeye anataka mishale ionekane. Nimgeuze mkono au nisogee mimi? Natumia lenzi ya milimita 50.

MzeeWaGangilonga:
Marahaba. Mkono wake usiuguse, auweke anavyotaka. Sogea wewe, chuchumaa kidogo mpaka kile kioo kikutane na mlango mweusi badala ya anga, utaona mishale inatokea. Na usimkaribie sana mikono itakua mikubwa kuliko sura, rudi hatua mbili ukate baadae. Picha ikitoka nitumie na mimi niione.